Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mji: mtaa wetu wa Ujiji unabomolewa kwa maji na kwa rangi nyekundu

Ujiji, Kigoma
Agosti

Kwenu wenye dhamana ya barabara, ardhi, ujenzi na malikale katika mji wetu,

Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za kazi. Shikamooni kwa mlio wakubwa kwangu, ingawa kwa umri nilionao mmebaki wachache.

YAH: NYUMBA ZA ZAMANI ZA MTAA UNAOSHUKA MAKUMBUSHO YA LIVINGSTONE, UJIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hivyo ndivyo nilivyozianza barua zangu tatu zilizopita. Nilizipeleka mwenyewe kwa mkono, nakala zikagongwa muhuri wa "imepokelewa", na nakala hizo ninazo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Ya kwanza ina miaka miwili na nusu sasa. Jibu pekee nililowahi kupata ni la mdomo, kutoka kwa kijana aliyekuwa anafunga ofisi: "Mama, suala lako linafanyiwa kazi." Sitawataja kwa vyeo wala kwa majina. Mnajijua, na mihuri inawajua. Leo naandika mbele ya watu kwa sababu wiki tatu zilizopita kazi hiyo ilifika nyumbani kwangu, imebeba kopo la rangi.

Alikuja asubuhi, kijana mpole, jasho linamtoka. Aliomba maji ya kunywa, nikampa, akachuchumaa akanywa kwa adabu. Kisha akasimama, akachovya brashi, akatafuta pa kuandika. Ukuta ulimshinda kwa kuwa chokaa yake inabanduka, rangi haishiki. Basi akachora X kwenye mwimo wa mlango, juu ya mninga uliochongwa maua toka chini hadi kwenye kizingiti. "Samahani mama, nimetumwa." Alipokwenda nilichukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani nikasugua hadi adhuhuri. Juu imetoka. Ndani ya nakshi rangi imeganda, na kila ua sasa lina kidonda.

Nyumba saba za mtaa huu zimeandikwa X siku hiyo. Kosa letu, nimeambiwa, ni kwamba nyumba ni "hatarishi".

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Nimezaliwa ndani ya nyumba hii. Aliyeijenga ni babu yake mama, Mmanyema wa upande wa Kongo, aliyevuka ziwa Tanganyika akiwa kijana, akaoa hapa, akajenga wakati wa Wabelgiji, wale walioichukua Kigoma mwaka 1916 na kuondoka 1921. Kabla sijaeleza malalamiko, naomba mnivumilie niseme mtaa huu ni kitu gani, maana naona wengi wenu mmehamishiwa hapa karibuni na mnaiona nyumba ya tope tu.

Wageni wakija Ujiji tunawapeleka mwisho wa mtaa, kwenye mnara wa mawe na miembe iliyozaliwa na ule mwembe wa zamani. Wanaambiwa kwamba Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti, alimkuta Dk. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, hapo, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Wanapiga picha na zile sanamu mbili, wanapanda gari, wanaondoka. Ni sawa. Lakini Stanley alikaa nasi wiki chache, na tarehe 27 Desemba mwaka huohuo wawili hao walishika njia ya Tabora. Wenye mji walikuwapo kabla yao na wakabaki baada yao. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipoingia Februari 1858 walikuta soko linaendelea. Wajiji na Waha walileta chumvi, mawese na samaki; Waarabu na Waswahili wa pwani walileta nguo na shanga; ng'ambo ya ziwa zilitoka pembe, na walitoka watu waliofungwa minyororo. Fedha ya soko hilo ilikuwa shanga ndogo zilizoitwa sofi. Nilipokuwa mtoto, mvua kubwa ikipita tulikwenda kuchakura mchanga pembeni mwa njia, na mwenye bahati aliokota moja mbili. Bibi alizitia kwenye chupa ya dawa.

Njia hiyo ya misafara, ya kilomita kama 1,200 kutoka Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi hapa, nchi yetu iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006 ikaingia kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Jina la mwisho kwenye njia hiyo ni Ujiji. Imeandikwa Ujiji, haikuandikwa mnara.

Na mtaa huu ndio mkia wa njia hiyo. Wanafunzi wangu walikuwa wanauliza: kama Livingstone alikaa karibu na maji, mbona mnara uko mbali na ziwa? Nikawafundisha kwamba miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Mnamo 1878 maji yalivunja kizuizi kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, yakapata pa kutokea, na Tanganyika ikaanza kushuka. Ufuko ukatukimbia. Wajerumani walipoleta reli mwaka 1914 waliifikisha Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, na biashara ikaifuata reli. Ujiji ikabaki na watu wake na nyumba zake. Kwa hiyo mtaa huu ulinusurika kwa kusahauliwa. Hofu yangu ni kwamba sasa mmeukumbuka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Barabara imepanda juu ya nyumba.

Hili ndilo kubwa, na kama mtasoma jambo moja tu someni hili. Baraza ya nyumba yetu ilikuwa na ngazi tatu. Nikiwa darasa la pili nilikaa pale kula embe na miguu ikaning'inia. Leo ngazi zimebaki moja na nusu. Baraza haikushuka. Kila greda linapokuja linamwaga kifusi kipya juu ya kifusi cha zamani, hakuna anayekwangua kwanza, na barabara inapanda kidogo kidogo kama keki ya harusi.

Baraza mnayoiona kuwa mahali pa wazee kuchezea bao ilikuwa na kazi. Nyumba ya tofali bichi huogopa maji ya chini kuliko ya juu. Juu kuna paa lililotokeza nje, linaifunika baraza; baraza nayo inauweka mguu wa ukuta mbali na matone yanayoruka kutoka ardhini. Tofali likikaa kavu halina mwisho. Likinywa maji kwa chini misimu miwili linalainika kama uji, kwanza chokaa inavimba, kisha kona inakatika, kisha ukuta unaanza kutazama barabarani.

Sasa miaka minne iliyopita mlitujengea mtaro wa zege. Tulifurahi, sitasema uongo, tuliwapikia mafundi chai. Lakini mdomo wa mtaro ule uko juu kuliko baraza la jirani yangu. Nilipima kwa futi kamba mbele ya mwenyekiti wa mtaa: sentimita 22. Maji ya mlima mzima yanateremka kwenye mtaro, yanafika kwenye kalavati lililojaa mchanga, yanarudi nyuma, yanaingia ukumbini mwa watu. Jirani huyo ni mjane, anaanika dagaa uani. Msimu uliopita aliamka saa tisa usiku akakuta beseni zake zinaelea, na dagaa wa wiki nzima wametapakaa hadi chini ya kitanda.

Hayo maji ndiyo yaliyozifanya nyumba zetu "hatarishi". Aliyeyaleta ndiye aliyekuja kutuandikia X.

2. Tunanyimwa kibali cha kukarabati.

Barua yangu ya kwanza iliomba jambo dogo: nitoe tofali zilizolainika kwenye kona moja, nifyatue nyingine za udongo uleule, nikandike, nipake chokaa. Mafundi wa kazi hiyo bado wapo, wazee wawili, na gharama nilikuwa nayo kutoka kwenye kiinua mgongo. Nikaambiwa mjini hakuna tena kibali cha nyumba ya udongo. Nilete ramani ya nyumba ya bloku au niache. Sina fedha za nyumba ya bloku, na sitaki nyumba ya bloku. Nikaacha. Kona ile sasa imepasuka, mkono unapita.

Mmoja mtaani kwetu alijaribu njia ya kati, akapiga plasta ya saruji juu ya udongo ili ukuta uonekane wa kisasa. Saruji haipumui. Unyevu ukajificha ndani, na mwaka wa pili plasta ikaanguka yote kwa mpigo pamoja na nusu ya tofali. Fundi yeyote wa zamani angemwambia, lakini fundi wa zamani haruhusiwi kugusa.

3. Milango inaondoka usiku.

Hapa nitasema na sisi wenyewe, maana si haki niwabebeshe ninyi kila kitu. Nyumba ikishaandikwa X, mwenye nyumba anajua hatalipwa kitu cha maana kwa ajili ya mlango. Wafanyabiashara nao wanajua. Wanakuja jioni na Fuso, wanazungumza vizuri, wanatoa pesa mkononi, na kabla ya alfajiri mlango na miimo yake viko njiani kwenda kwenye hoteli za pwani. Binamu yangu ameuza. Ulikuwa mlango wa mvule wa pande mbili, mfaa wake, ule mti wa katikati, umechongwa mnyororo na visamaki. Alilipwa kiasi kisichofika bei ya baiskeli. Nilimnunia miezi mitatu, kisha nikakumbuka kuwa alikuwa na mtoto hospitali.

Lakini sheria haikumwachia binamu yangu peke yake mzigo huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja kwa maneno yake milango na miimo ya mbao iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Mlango wangu ulichongwa wakati wa Wabelgiji, kwa hiyo umo. Nani mtaani kwetu aliwahi kuelezwa hivyo? Na kijana wenu alipoweka brashi juu yake, nani alikuwa amemwelekeza?

4. Miembe.

Ilikuwa kumi na moja toka barabara kuu hadi makumbusho. Imebaki minne. Mmoja ulikatwa Septemba, umejaa maua, kwa sababu ya nguzo ya umeme ambayo hadi leo haijasimikwa. Wazee wanasimulia kuwa miembe ya njia ya misafara iliota kwenye kokwa zilizotupwa na wapagazi na mateka. Kweli yote au nusu, ndicho kivuli tulichokuwa nacho.

5. Hakuna orodha.

Nimeuliza mara tatu, hata kwa maandishi: nyumba zipi za Ujiji zimeorodheshwa kama majengo ya kihistoria? Kama orodha ipo, ibandikeni. Kama haipo, basi X zenu mmeziandika bila kujua mnachofuta.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nusu ya majibu hayo nimeshayasikia barazani, kwenye chai na kwenye mikutano ya mtaa.

Mtasema nyumba za tope hazina hadhi ya mji. Nendeni Kwihara, Tabora. Tembe, ile nyumba ya paa bapa alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872, ni la udongo, na watu wanalipa kiingilio kuliona. Udongo wa Tabora una hadhi gani ambayo wa Ujiji hauna?

Mtasema fedha hakuna. Sikuomba fedha. Niliomba ruhusa ya kutumia za kwangu. Na kukwangua kifusi cha zamani kabla ya kumwaga kipya, nadhani, kunapunguza lori za kifusi.

Mtasema historia yenyewe ni ya aibu, ya watumwa, ya nini kuitunza. Hili nalijibu kwa upole kwa kuwa linaulizwa na watu wema. Katika nyumba hizi walilala waliouza watu na wamelala wajukuu wa waliouzwa, na mara nyingi ni familia ileile. Mama yake bibi aliletwa Ujiji akiwa msichana, kutoka ng'ambo, na hakuja kwa hiari yake. Alizeeka akiwa na chumba chake, ufunguo wake na baraza lake. Hiyo haimo kwenye maelezo ya mnara. Imo kwenye nyumba.

Na mtasema maendeleo yanakuja. Nayajua. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na nikijaaliwa nitaipanda. Itashusha wageni mwisho wa reli, na wageni watauliza Ujiji iko wapi. Mtawaleta kwenye mnara. Wakigeuza shingo kutazama mtaa, wataona nini? Fremu za maduka zipo Mwanga, zipo Gungu, zipo kila mahali. Zanzibar mwaka 2000 waliingiza Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia, na bado siku ya Krismasi 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, ilianguka. Ikiwa jengo linalojulikana dunia nzima linaweza kuanguka, letu lisiloorodheshwa litasubiri nini?

Sasa ninachoomba. Siombi mtaa mzima ufanywe makumbusho, tuishi humo kama sanamu za Stanley. Watu waweke umeme, wachimbe vyoo, wajenge uani. Naomba kwanza X hizi saba zisitekelezwe hadi aje mtaalamu wa malikale, aingie ndani ya kila nyumba pamoja na mwenye nyumba, aandike kilichopo na kinachoweza kuokolewa. Ikiwa katika saba hizo ipo isiyookoleka, aseme, nasi tutaihama. Sipendi ukuta umwangukie mtoto wa mtu kwa ajili ya nakshi. Pili, greda lisipite tena mtaa huu kabla ya kifusi cha zamani kuondolewa hadi chini ya baraza, na kalavati lile lizibuliwe. Kazi hii ya pili vijana wa mtaa wako tayari kuifanya Jumamosi yoyote mkituletea koleo na toroli. Tatu, itolewe ruhusa ya maandishi ya kukarabati nyumba ya udongo kwa udongo, chini ya usimamizi wa fundi mnayemkubali. Nne, milango ipigwe picha na kupewa namba, na namba hizo wapewe polisi na mizani za barabarani, ili Fuso ikikamatwa na mlango ijulikane umetoka nyumba gani.

La tano si ombi, ni deni: barua zangu tatu zijibiwe kwa maandishi. Hata jibu la hapana ni jibu.

Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Oktoba. Kabla ya hapo fundi anahitaji wiki tano: mbili za kufyatua, mbili za kukausha, moja ya kujenga. Hesabu hiyo inaniachia hadi katikati ya Septemba kusubiri neno lenu. Nikilipata, nitaanza na kona iliyopasuka. Nisipolipata nitaanza vilevile, mchana, mlango wazi, na mtakayemtuma kunizuia aje na barua yenye sahihi. Maji ya kunywa yapo.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mwalimu mstaafu, nyumba ya baraza ndefu,
mtaa wa kushuka makumbusho, Ujiji

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa (amepokea, amesaini)
Ubao wa matangazo wa msikiti
Ubao wa gengeni, karibu na wauza migebuka
Wenye nyumba sita wenzangu walioandikwa X